Chupa Ipi Ipambwe?

Kazi ya kupamba chupa kwa krayoni haimalizi hata saa moja. Chupa tupu huoshwa na lebo kubanduliwa, vipande vya krayoni huvuliwa karatasi, kisha hewa moto hupulizwa mpaka nta ilegee na kuteremka ubavuni mwa kioo kwa michirizi ya nyekundu, samawati na manjano. Ikishapoa, chupa iliyokuwa ya mvinyo imekuwa chombo cha maua. Wamarekani ndio walioupa mtindo huu umaarufu mwanzoni mwa muongo wa 2010, walipoanza kupanga krayoni juu ya turubai la kuchorea na kuziyeyusha kwa mashine ya kukaushia nywele. Haukupita muda, chupa nazo zikaingia. Zamani kidogo, migahawa ya Kitaliano huko Marekani ilikuwa na mazoea ya kuchomeka mishumaa kwenye chupa za mvinyo wa Chianti zilizovishwa kikapu cha majani makavu, na kuiacha nta ishuke na kujirundika usiku baada ya usiku.

Anayeutazama juu juu ataona mchezo wa watoto. Lakini mchezo huu umebeba maswali ambayo miji yetu haijayamaliza: chupa tupu ni taka au ni mali? Nta ni rangi ya kudumu au ya wiki moja? Na mtu anayenunua boksi jipya la krayoni ili apambe chupa kuukuu ameokoa nini hasa? Makala haya yanayaweka maswali hayo mbele ya watu wanne wa kubuni, ingawa hoja wanazozibeba ni za kweli. Yuko mwalimu wa sanaa wa shule ya msingi Dar es Salaam. Yuko mama fundi batiki, aliyeishi miaka mingi na sufuria la nta. Yuko kijana anayenunua chupa tupu mtaa kwa mtaa, na yuko bwana afya mstaafu. Wakae meza moja, waulizane.

Mwalimu ndiye anayeutetea mtindo, kwa hiyo aanze yeye.

“Darasani kwangu rangi za maji ni ndoto,” anasema. “Zinataka brashi, zinataka karatasi nzito, na brashi moja ikipita kwa watoto kumi inarudi haina nywele. Krayoni ninazo. Kila muhula ukiisha nabaki na ndoo ya vipande ambavyo hakuna mtoto anayevigombea, vingine vifupi hata vidoleni havikamatiki. Na chupa ziko nje ya ukuta wa shule. Nikivikutanisha viwili hivyo, mtoto anaona kwa macho yake kwamba kitu kigumu kikipata joto kinakuwa kimiminika na kikipoa kinarudi kilivyokuwa. Anaona manjano inavyokutana na samawati njiani ikazaa kijani. Somo hilo kwenye kitabu ni mistari miwili, na hawalikumbuki.”

Hoja ya vipande ina uzito kuliko inavyosikika. Krayoni za Crayola zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1903, boksi la rangi 8 kwa senti 5. Kampuni ya Binney & Smith iliyozitoa ilikuwa tayari ikitengeneza krayoni nyeusi za kutilia alama kwenye makasha na mapipa; Alice Binney, mke wa mmoja wa wenye kampuni na mwalimu kwa kazi yake ya awali, ndiye aliyebuni jina la Crayola. Muundo haujabadilika sana tangu hapo. Ni parafini, ambayo hutokana na mafuta ya petroli, ikichanganywa na unga wa rangi. Parafini haiozi upesi udongoni, na kipande kinachotupwa kwa sababu hakikamatiki bado ni nta kamili na rangi kamili. Kuyeyusha vipande si wazo la kigeni hata huko krayoni zilikotoka: taasisi ya The Crayon Initiative ya California hukusanya krayoni zilizobaki migahawani na mashuleni, huziyeyusha, huzimimina kwenye kalibu mpya na kuwapelekea watoto waliolazwa hospitalini.

Kijana wa chupa amekuwa akimsikiliza mwalimu kwa subira. “Shikamooni wazee wangu,” anasema kwanza, kisha anamgeukia. “Mwalimu, umesema chupa ziko nje ya ukuta. Chupa zipi? Kwetu sisi chupa si kitu kimoja. Kuna chupa ya kreti, ya soda au ya bia. Ile ina mwenyewe. Ukienda dukani kwa Mangi kununua soda anakuuliza, unanywea hapa au umekuja na chupa? Kama hukuja nayo, unaacha hela ya chupa. Ile inarudi dukani, inaingia kwenye kreti, inapanda gari, inakwenda kiwandani kuoshwa na kujazwa upya. Ukiimwagia nta umeitoa njiani. Hujaiokoa.”

“Lakini mtoto ameiokota jalalani,” mwalimu anajitetea.

“Basi aniletee mimi. Jalalani imepotea tu, mwenyewe anaitafuta.”

Kijana ana haki. Chupa ya kurudishwa hutengenezwa kwa kioo kinene makusudi, ili ivumilie kuoshwa na kujazwa mara ishirini na zaidi. Kila inapotoka kwenye mzunguko, nyingine lazima izaliwe, na uzazi wa chupa ni wa gharama. Mchanga, chokaa na magadi huingia kwenye tanuri la nyuzi karibu 1,500 za Selsiasi, tanuri ambalo halizimwi usiku wala sikukuu kwa sababu kioo kikiganda ndani yake ni hasara. Magadi yenyewe hayako mbali: yamekuwa yakichimbwa kibiashara kwenye Ziwa Magadi nchini Kenya kwa zaidi ya karne moja, na viwanda vya kioo ni miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Dar es Salaam kuna kiwanda cha Kioo Limited kinachotoa chupa za makampuni ya vinywaji. Ukipima moto huo wote dhidi ya maji ya kuoshea, urembo wa nta juu ya chupa ya kreti hauna utetezi, hata uwe mzuri namna gani.

Kijana hajamaliza. Kundi la pili, anasema, ni chupa za pombe kali, zile bapa zenye kifuniko cha kuzungusha. Tangu Tanzania ilipopiga marufuku pombe ya viroba, yaani ya vifuko vidogo vya plastiki, Machi 2017, kinywaji kikali kililazimika kurudi kwenye chupa, na chupa hizo zina soko la pili ambalo watu wa mjini hawalioni. Asali ya Tabora na Singida inayouzwa kando ya barabara imejazwa humo. Mafuta ya alizeti humo. Siki humo. “Chupa yenye kifuniko kinachofunga ni mali. Mama muuza asali ananunua kwangu. Ukiipamba umemnyang’anya yule mama chombo.”

“Kwa hiyo nibaki na nini?” mwalimu anauliza.

“Chukua za mvinyo. Hizo ndizo zinazonilalia. Nzito, kizibo chake kikishang’olewa hakirudi, kila kampuni na umbo lake, zingine kitako kimebonyea ndani. Nikizibeba mgongo unauma na mnunuzi hapatikani. Chukua na vichupa vya manukato, na makopo ya jemu ambayo vifuniko vyake vimepata kutu. Zile hazina pa kurudi. Hizo pamba.”

Mjadala ungeweza kuishia hapo kama lingekuwa suala la chupa peke yake. Bwana afya anaona mbali kidogo. Miaka mingi ya kukagua majalala imemfundisha kuuliza kila kitu kitaishia wapi.

“Chupa iliyopambwa haijaondoka duniani,” anasema. “Imehama, imetoka jalalani imekwenda kwenye rafu. Ipo siku itavunjika, kwa sababu ni chupa. Itakapovunjika itakuwa na nta, na vanishi, na shanga mlizozibandika kwa gundi. Nani ataipokea? Kijana huyu hataitaka. Na kiwanda je?”

Swali hili linastahili jibu la makini. Vipande vya chupa ni malighafi nzuri sana kwa tanuri la kioo: huyeyuka kwa joto dogo kuliko mchanga na magadi, na kila asilimia 10 ya vipande inayoongezwa hupunguza nishati kwa kati ya asilimia 2 na 3. Kioo hakichoki; kinaweza kuyeyushwa na kuundwa tena bila kikomo. Lakini kinataka usafi. Nta na vanishi huungua ndani ya tanuri, ingawa zikizidi zinaweza kuvuruga rangi ya kioo. Adui mkubwa ni jiwe, kauri na chuma. Kipande cha sahani ya udongo wa kuchoma hakiyeyuki pamoja na kioo. Hubaki kama punje ngumu ukutani mwa chupa mpya, na chupa hiyo hupasukia hapo. Kwa hiyo kati ya mapambo yote ambayo watu huyabandika kwenye chupa, nta ya krayoni ni miongoni mwa yale yenye madhara madogo. Kete, kokoto, vigae na waya za shaba, ambazo wengi huziona kuwa za asili zaidi, ndizo zinazoifungia chupa njia ya kurudi.

“Na kama hakuna kiwanda?” kijana anauliza. Anawazia Zanzibar, ambako ndugu yake anafanya kazi hotelini. Chupa za mvinyo huingia kisiwani kwa meli pamoja na watalii, na hakuna kiwanda cha chupa cha kuzipokea. Kuzirudisha bara ni gharama inayozidi thamani ya kioo chenyewe. Hali hiyo ndiyo iliyozaa kazi za mikono za kweli. Karakana ya Chako hukata chupa za mvinyo na kuzigeuza bilauri na taa. Mradi wa Bottle-Up nao ulijaribu kusaga kioo na kukitumia badala ya mchanga katika vitu vya ujenzi na vya nyumbani. Arusha, katika karakana ya Shanga, ambayo mafundi wake wengi ni watu wenye ulemavu, kioo chakavu huyeyushwa kikawa shanga na vyombo. Na Ghana, mafundi wa Krobo huitwanga chupa kinuni mpaka iwe unga, wakaujaza kwenye kalibu za udongo na kusimamisha kijiti cha jani la muhogo katikati. Kijiti huungua motoni kikaacha tundu la uzi.

Bwana afya anaitikia kwa kichwa. “Hao wameibadilisha chupa. Ninyi mnaipaka.”

Hapo ndipo fundi batiki anapoweka chini kikombe chake. Mpaka sasa amesikiliza watu wakibishana kuhusu kioo, na hakuna aliyeitaja nta kwa heshima.

“Baba, kupaka si kazi ndogo,” anasema. “Nta ni rangi ya siku nyingi. Tatizo lenu ni kwamba mnaitumia msiyoijua.”

Historia iko upande wake. Katika eneo la Fayum nchini Misri, kati ya karne ya 1 na ya 3 baada ya Kristo, wachoraji waliyeyusha nta ya nyuki, wakaichanganya na rangi na kuchora sura za watu juu ya vibao vilivyofungwa kwenye maiti zilizohifadhiwa. Mamia ya sura hizo zipo mpaka leo, na macho yake bado yanang’aa. Mchoraji Jasper Johns aliirudia nta hiyo New York mwaka 1954 alipochora bendera ya Marekani, na picha yake sasa iko katika makumbusho ya MoMA. Krayoni iliyoyeyushwa ni mtoto wa ukoo huo huo, ila nta yake ni nyingine, na hapo ndipo yanapoanza matatizo ambayo kila aliyewahi kupamba chupa anayafahamu: baada ya wiki chache, michirizi inabanduka vipande vipande.

“Parafini ni ngumu na ni kavu,” mama anaeleza. “Ikipoa inasinyaa. Kwenye kitambaa cha batiki mimi naitaka hiyo, kwa sababu ikipasuka rangi inaingia kwenye nyufa na ndiyo ile mistari mnayoipenda. Lakini nikitaka mahali pasipasuke naongeza nta ya nyuki. Ile ni laini, inashika. Sasa ninyi mnaimimina parafini tupu juu ya kioo, kitu kinachoteleza kuliko vyote, halafu mnashangaa ikidondoka.”

Mwalimu anatoa daftari. Mama anaendelea, na inafaa kumfuata hatua kwa hatua, kwa sababu maelezo ya kazi hii yanayosambaa huyaruka mambo haya. Chupa ilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo mpaka lebo itoke pamoja na gundi yake. Ikikauka ifutwe kwa spiriti, maana hata mafuta ya vidole yanatosha kuizuia nta. Sehemu itakayobeba rangi isuguliwe kwa msasa laini mpaka kioo kipoteze mng’aro. Halafu chupa yenyewe ipashwe joto kabla ya nta kuigusa. Nta ya moto ikitua juu ya kioo baridi huganda kwa nje kabla haijashika kwa ndani, na hiyo ndiyo inayobanduka kama gamba. Vipande vya krayoni viyeyushwe pamoja na nta ya nyuki kiasi cha robo, na Tabora inatoa nta hiyo kwa wingi tangu enzi za Wajerumani. Wachoraji wa nta wa leo huongeza pia utomvu mgumu ili rangi isilegee. Pwani yetu ilikuwa na wake, sandarusi, ambao katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliufuata mpaka Zanzibar ili kutengeneza vanishi.

“Na joto?” anauliza bwana afya, ambaye alikuwa akilingoja. “Mnayeyushia nini?”

“Wengine draya ya saluni,” anajibu mwalimu. “Mimi niliazima bloa kwa fundi simu.”

Uso wa bwana afya unabadilika. Krayoni huanza kulainika kwenye nyuzi 40 hivi na huyeyuka kati ya 50 na 65. Draya ya saluni inatosha kwa kazi hiyo, ikiwa na subira. Bloa ya fundi simu imetengenezwa kuyeyusha risasi ya kulehemea, na hewa yake hupita nyuzi 300 kwa urahisi. Parafini ikifika karibu na nyuzi 200 mvuke wake unaweza kushika moto, na kabla ya hapo itatoa moshi mweupe unaokereketa koo. “Ukiona moshi umeshachelewa,” anasema. “Na ikiwaka usimwagie maji. Funika kwa kifuniko au mchanga. Maji yatairusha nta ya moto usoni mwa mtoto.”

Anaendelea, na hapa sauti yake si ya kubishana tena. Kuunguzwa na nta kuna ubaya wake wa pekee, kwa kuwa nta haitiririki ikaondoka kama maji. Inaganda juu ya ngozi na joto lake. Mtoto akiungua, mkono uwekwe kwenye maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, na nta iliyoganda isibanduliwe kwa nguvu. Njia salama ya kuyeyusha ni kopo la nta ndani ya sufuria la maji jikoni, kwa sababu maji yanayochemka hayapiti nyuzi 100. Moto ushikwe na mtu mzima. Watoto wapange rangi, wachore, wageuze chupa.

Kuna lingine. Mwaka 1994 Marekani iliondoa sokoni krayoni kadhaa zilizoagizwa kutoka nje baada ya kukutwa na madini ya risasi, na mwaka 2000 gazeti la Seattle Post-Intelligencer liliripoti chembe za asbesto kwenye krayoni za makampuni makubwa. Wakaguzi wa serikali walikuta kiasi kidogo mno, hata hivyo watengenezaji walikubali kubadilisha malighafi. Krayoni zisizo na jina la mtengenezaji wala maelezo yoyote zisiyeyushwe kwenye chumba kilichofungwa. Na chupa iliyopambwa isinywewe, wala makopo ya jemu yaliyopambwa yasitiwe chakula.

Mwalimu ameandika yote. Kisha anarudi kwenye jambo linalomuuma. “Mama, umesema nta ni kazi ya heshima. Mbona ukizitazama chupa za wanafunzi wangu unanyamaza?”

“Kwa sababu zinafanana, Mwalimu. Michirizi yote inashuka kutoka shingoni, yote mistari. Hiyo imechorwa na nani, mtoto au bloa?”

Ni swali kali, na ni la haki. Udhaifu mkubwa wa mtindo huu ni kwamba uzito wa nta ndio unaochora. Mtoto hupanga rangi halafu anatazama. Ukiona chupa tatu umeziona mia. Mwalimu anajibu kwamba kupanga rangi nako ni kuchagua, kwamba mtoto wa miaka minane akigundua kuwa nyeusi huimeza kila rangi iliyo jirani, hatasahau. Mama anakubali nusu. Anapendekeza nta iletwe kwenye kopo na brashi ngumu, watoto wachore kama anavyochora yeye kwenye kitambaa: samaki, mkwaju, dirisha la jirani. Au wapake tabaka la manjano, juu yake tabaka la samawati, kisha wakwangue kwa msumari butu ili manjano ijitokeze kwenye mistari. Kazi hiyo haiwezi kufanana, kwa kuwa mikono haifanani.

Mwandishi wa makala haya angeongeza ushahidi wa pwani yenyewe. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, kuna makaburi ya nguzo ambayo wajenzi walipachika vyombo vya Kichina ukutani. Nyumba kongwe za Lamu zina vidaka, safu za vishubaka vya chokaa vilivyochongwa kwa ustadi, ambamo vyombo vya kauri na kioo viliwekwa ili vitazamwe tu. Waswahili walikipokea chombo kutoka ng’ambo, wakakitumia, na wengine wakakipa mahali pa heshima baada ya kazi yake. Chupa ya mvinyo ya kijani iliyochorwa na mtoto wa Temeke na kuwekwa dirishani haina sababu ya kujiona mgeni.

“Dirishani hapana,” anasema mama mara moja. “Jua la Januari litaiteremsha yote.”

Ni kweli. Gari lililofungwa likianikwa juani Dar es Salaam, ndani yake hupata joto la kutosha kuilegeza krayoni. Hata ukingo wa dirisha linalopigwa na jua la mchana unatosha kuifanya nta ilegee na kunasa vumbi. Chupa hizi ni za kivulini. Anayeziuza na amweleze mnunuzi hivyo, hasa mtalii atakayeifunga kwenye begi na kuianika garini hadi uwanja wa ndege. Wala zisifanywe vinara: mshumaa unaowaka shingoni utaiyeyusha nta ya nje, na krayoni yenyewe haifai kuwa mshumaa kwa kuwa unga wa rangi huziba utambi na kutoa moshi.

Linabaki la vanishi, na hapa meza inagawanyika kabisa. Mwalimu anaitaka, kwa sababu chupa zinashikwashikwa na mikono ya watoto na vumbi linazichafua. Mama anaikataa katakata. Vanishi ya seremala haishiki vizuri juu ya nta, anasema. Inakaa ikinata, halafu inamenyuka. Na ana sababu ya pili, iliyo nzito zaidi. Chupa isiyopakwa vanishi inaweza kuvuliwa urembo wake. Itumbukizwe kwenye sufuria la maji baridi, maji na kioo vipate moto pamoja ili chupa isipasuke, na maji yakipita nyuzi 65 nta itaachia na kuelea. Kioo kinarudi kuwa kioo, nta inarudi kuwa nta, ingawa rangi zitakuwa zimechanganyika kuwa kahawia.

Bwana afya anaunga mkono bila kusita. Hilo ndilo jibu la swali lake la mwanzo. Kijana naye anaunga mkono, maana chupa safi huenda siku moja ikapata mnunuzi. Mwandishi yuko pamoja nao. Pambo linaloweza kuvuliwa halikifungii kioo njia, na darasa lenye chupa 20 na ndoo moja ya nta lina kazi ya miaka, bila kununua krayoni hata moja mpya.

Mwalimu hajaridhika. “Mzazi akiona kazi ya mwanawe anataka ibaki,” anasema. “Siwezi kumwambia bibi wa mtoto kwamba zawadi yake tutaichemsha Desemba.”

“Zile za kwenda nyumbani waachie,” mama anamjibu. “Za shuleni chemsha.”

“Na za kreti?” anakumbusha kijana.

“Za kreti utazikuta getini Ijumaa, tumeziosha. Wewe niletee za mvinyo.”

“Nitaleta. Lakini za kijani. Za kahawia hazionyeshi rangi.”

“Leta na nyeupe,” anasema mama, akijifunga kanga vizuri. “Na maji yale ya kuchemshia, Mwalimu, usiyamwage sinkini yakiwa ya moto. Nta itaganda kwenye bomba. Acha yapoe usiku kucha, asubuhi utaikuta imeganda juu kama ukoko wa wali, uiinue yote kwa mkono mmoja.”